Nne Iliyogeuka Tatu: Kisa cha Mtoto Aliyeandikwa "Amelala"

Fomu ya uangalizi ya mtoto huyu ina safu tatu za vipimo, na jumla zake ni 4, 3 na 8. Kati ya 4 na 3 ilipita saa moja na robo, na kati ya 3 na 8 ikapita saa nyingine moja na robo. Ukizisoma jumla peke yake utasema mtoto alifika na hali mbaya kiasi, akapata nafuu, kisha akazidiwa ghafla. Sivyo ilivyokuwa. Alikuwa anashuka tangu asubuhi bila kusimama. Ile 3 ya katikati niliiandika mimi, muuguzi wake, kwa mkono wangu, na ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki. Mambo machache nimeyabadilisha ili familia isitambulike.

Mtoto wa kiume, miezi 14, hana historia ya ugonjwa wowote mzito, chanjo zake za umri huo amepata. Homa ilianza usiku wa manane, saa sita hivi. Mama yake alisema alitapika mara mbili, akanyonya kidogo alfajiri, na kwamba tangu kuamka anakataa kusimama. "Nikimvalisha soksi analia kama nimemchoma," alisema. Niliandika "homa, kutapika mara 2". La soksi sikuliandika, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pake na mimi sikujua niliweke wapi.

Saa tatu asubuhi joto lilikuwa nyuzi 39.6, mapigo ya moyo 172 kwa dakika, pumzi 42 kwa dakika, oksijeni kwenye damu asilimia 98. Nilibonyeza kifua kwa kidole kwa sekunde tano, nikaachia, rangi ikarudi ndani ya sekunde 2. Alikuwa analia kwa nguvu mikononi mwa mama, habembelezeki, ila macho yake yalinifuata nilipohama upande mmoja kwenda mwingine.

Fomu yetu ni ya ukoo wa ile iliyotoka Brighton, Uingereza, ambayo Alan Monaghan aliichapisha mwaka 2005. Ina maeneo matatu: tabia, mzunguko wa damu, na upumuaji. Kila eneo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Kwenye tabia, mtoto anayecheza au aliye kawaida hupata 0, aliyelala 1, anayelialia na kusumbuka 2, na aliyelegea au kuchanganyikiwa 3. Kwenye mzunguko wa damu huangaliwa rangi ya ngozi, muda wa rangi kurudi ukibonyeza, na mapigo yamezidi kiasi gani kiwango cha umri. Kwa umri huu fomu yetu inahesabu mapigo 100 hadi 150 na pumzi 25 hadi 35 kuwa ni kawaida. Jumla ya 4, au alama 3 kwenye eneo lolote moja, daktari anaitwa. Jumla ya 3, vipimo vinarudiwa baada ya saa moja.

Kwa hiyo safu ya kwanza ilikuwa hivi: tabia 2, mzunguko wa damu 2 kwa sababu mapigo yalizidi kiwango kwa 22, upumuaji 0. Jumla 4. Nilimwita daktari na alikuja upesi. Alisikiliza kifua, kikawa safi. Shingo ilikunjika bila shida, utosi haukuvimba, masikio mekundu kidogo, koo jekundu kidogo. Aliona mtoto mwenye homa kali anayelia kwa nguvu, na mtoto wa namna hiyo mapigo yake huenda mbio. Akaagiza dawa ya homa, mkojo upimwe, na vipimo virudiwe baada ya saa moja. Nimeirudia hatua hii mara nyingi kichwani na sioni kosa la kumtupia. Ningekuwa mimi ningeagiza vivyo hivyo.

Saa nne na robo nilirudi. Mtoto alikuwa ametulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mtoto kifuani, kichwa kimeangukia begani. Wodi ilikuwa imejaa, na kilio chake ndicho kilichokuwa kimetawala chumba kizima asubuhi ile, kwa hiyo ukimya ule ulinifurahisha. Nilipima bila kumsogeza. Joto 37.8. Mapigo 164. Pumzi 46. Rangi ilirudi kifuani kwa sekunde 3. Nikaandika: tabia, amelala, 1; mzunguko wa damu 1; upumuaji 1. Jumla 3.

Mama akasema, "Sista, huyu hajalala hivi."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mtoto wake akilala hushika sikio lake, sikio la mama, na ukimtoa mkono anaurudisha akiwa usingizini. Niliuona ule mkono. Ulikuwa unaning'inia ubavuni mwa mama, vidole wazi. Nikamjibu, "Mwache apumzike, mama. Homa imeshuka."

Nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Saa tano na nusu mama alikuja hadi mezani akiwa amembeba. Hakupaza sauti. "Njoo umwangalie mwanangu." Nilimlaza kitandani, nikamwita jina, hakufungua macho. Nikambonyeza ukucha, akakunja uso na kutoa mguno mfupi. Nilimvua soksi. Miguu ilikuwa baridi hadi magotini, na kifua kilikuwa cha moto. Rangi ilirudi kifuani kwa zaidi ya sekunde 4. Mapigo 186, pumzi 56, za haraka na za kina, bila mbavu kubonyea, na mapafu yakisikika safi. Kwenye unyayo wa kulia palikuwa na madoa matatu ya zambarau, kila moja dogo kuliko punje ya mchele. Nilikandamiza gilasi juu yake, hayakufifia. Tabia 3, mzunguko wa damu 3, upumuaji 2. Jumla 8.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Oksijeni, sindano kwenye mfupa wa muundi kwa sababu mshipa ulikataa kanula mara mbili, damu ya kuotesha bakteria, antibiotiki ya seftriaksoni ndani ya dakika chache. Sukari ilikuwa milimoli 2.4 kwa lita, ikarekebishwa. Maji ya mshipa daktari aliyatoa kidogo kidogo, akipima mapigo, ini na pumzi kabla ya kila awamu, kwa sababu utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, wa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha kuwa kuwamiminia maji kwa mkupuo kuliongeza vifo. Kisha mtoto akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Damu iliotesha meningokoka, bakteria wanaoshambulia damu na utando wa ubongo.

Sasa turudi saa nne na robo, maana kisa chote kiko pale.

Anza na hesabu ambayo fomu haikuifanya. Homa ikipanda nyuzi moja, mapigo ya mtoto hupanda kwa takriban 10 kwa dakika. Joto lake lilishuka kutoka 39.6 hadi 37.8, yaani nyuzi 1.8. Kama mapigo yale 172 ya mwanzo yalisukumwa na homa, yangeshuka kwa karibu 18 na kufika 154 hivi. Yalishuka 8 tu, tena kwa mtoto aliyekuwa ameacha kulia, na kulia peke yake hupandisha mapigo. Pumzi nazo hazikushuka. Zilipanda kutoka 42 hadi 46, homa ikiwa imepungua. Rangi iliyokuwa ikirudi kwa sekunde 2 ikawa inarudi kwa sekunde 3. Vitu vitatu vilikuwa vinasema jambo moja: kilichokuwa kinasukuma moyo wa mtoto huyu hakikuwa joto.

Lakini alama zilisema kinyume. Mapigo 172 yalikuwa yamezidi kiwango kwa 22, yakapata 2. Mapigo 164 yamezidi kwa 14, hayafiki mstari wa 20, hayapati kitu. Eneo zima likabaki na 1 ya ile sekunde ya tatu. Kwa maneno mengine, mtoto ambaye mzunguko wake wa damu ulikuwa unaharibika alipunguziwa alama kwenye eneo la mzunguko wa damu. Si kwamba fomu ni mbovu. Fomu yoyote inayokata namba kwa mistari itakuwa na mtoto anayekaa sentimita moja chini ya mstari. Ndiyo maana jumla peke yake haitoshi. Ni lazima mtu asome vipimo vyenyewe, kimoja baada ya kingine, akilinganisha na vya saa iliyopita.

Halafu kuna lile neno. Kwenye fomu, "amelala" ni alama 1 na "amelegea" ni alama 3. Ukiwatazama kutoka hatua mbili, mtoto aliyelala na mtoto aliyelegea wanafanana kabisa: macho yamefungwa, mwili umetulia, hakuna kilio. Kuna njia moja tu ya kuwatofautisha, nayo ni kumwamsha. Sikumwamsha. Nilikuwa na sababu, na naiandika kwa kuwa najua wengi wanayo: nilimhurumia. Mtoto aliyelia usiku kucha na asubuhi yote amepata usingizi, mama naye amepumua, na mimi nije nimtikise? Huruma ile iliandika 1 mahali palipostahili 3. Kwa 3, jumla ingekuwa 5, na hata bila jumla, alama 3 kwenye eneo moja ingetosha kumrudisha daktari. Ilikuwa saa nne na robo. Dawa iliingia karibu saa sita kasorobo.

Mwongozo wa Uingereza wa homa kwa watoto chini ya miaka 5, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2007, una rangi tatu kama taa za barabarani: kijani, njano na nyekundu. Mtoto asiyezinduka, au akizinduliwa hakai macho, anaingia nyekundu moja kwa moja, hata kama kila namba nyingine iko sawa. Mwongozo huohuo unasema tusitumie kushuka kwa homa baada ya dawa kuamua kama ugonjwa ni mzito au mwepesi. Nilikuwa nimeusoma. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa kumhudumia mtoto mgonjwa chini ya miaka 5, limeweka kulegea au kupoteza fahamu miongoni mwa dalili za hatari, pamoja na kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, na degedege. Hakuna kujumlisha hapo: dalili moja ikionekana, mtoto ni wa rufaa ya haraka. Mwongozo ule unatumika hata pasipo na mashine, na kwa kisa hiki ungemwona mtoto mapema kuliko fomu yetu yenye safu na rangi.

Inafaa pia kujua kuwa alama hizi hazifanani, ingawa wengi huziita kwa jina moja. Ile ya Christopher Parshuram na wenzake wa Toronto, iliyochapishwa mwaka 2009, ina vipengele saba na jumla yake hufika 26: mapigo, shinikizo la damu, rangi kurudi, pumzi, jitihada ya kupumua, oksijeni kwenye damu, na oksijeni anayopewa. Fahamu haimo. Ni chombo kilichotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na bado lile lililokuwa wazi kuliko yote kwa mama wa mtoto huyu lisingepata hata alama moja. Ile inayoitwa kwa jina la Lambaréné, mji wa Gabon, iliyotungwa kwa ajili ya watoto wenye malaria barani Afrika, inaangalia vitu vitatu tu, yaani kushindwa kukaa au kusimama, kupumua kwa kina, na kupoteza fahamu. Mtoto wetu hakuwa na malaria, lakini tazama vile vitatu kisha usome upya saa tano na nusu.

Chombo cha Toronto kilipopelekwa kwenye jaribio kubwa la hospitali 21 katika nchi 7, watoto zaidi ya 144,000, matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yaliwavunja moyo wengi: vifo havikupungua. Vilikuwa 1.93 kwa kila watoto 1,000 waliomaliza kulazwa penye chombo hicho, na 1.56 pasipo nacho, tofauti ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa ya maana. Matukio ya mtoto kufika chumba cha mahututi akiwa amechelewa yalipungua, kutoka 0.84 hadi 0.50 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Nimesikia watu wakiyatumia matokeo hayo kusema fomu zitupwe. Mimi sikubali. Kwenye kisa hiki fomu ilifanya kazi yake saa tatu, ilimleta daktari. Ilifanya kazi yake saa tano na nusu pia. Sikuhitaji kujieleza kwa mtu, nilisema "nane" na watu wanne wakakimbia. Saa nne na robo nilikuwa nimeipa neno lisilo kweli, nayo ikajumlisha nilichoipa.

Kuhusu miguu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto na vijana 448 waliougua ugonjwa wa meningokoka. Dalili tunazofundishwa kuzisubiri, madoa yasiyofifia, shingo ngumu, fahamu kupungua, zilionekana kati ya saa 13 na 22 tangu ugonjwa uanze. Lakini maumivu ya miguu, mikono na miguu kuwa baridi, na rangi ya ngozi kubadilika vilitangulia, kwa wastani kwenye saa ya 8, na karibu robo tatu ya watoto walikuwa na angalau kimoja kati ya hivyo. Homa ya mtoto wetu ilianza usiku wa manane. Saa tatu asubuhi ilikuwa saa ya 9. Alikuwa anakataa kusimama na analia akivalishwa soksi. Sisi tulipima kifua, kwa usahihi, kama tulivyofundishwa, na miguu ikabaki ndani ya soksi.

Neno moja kwa wanaohudumia watoto wenye ngozi nyeusi: madoa yale huonekana kwa shida tumboni na mapajani. Tafuta viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope la chini na kwenye kaakaa. Weupe wa kupungukiwa damu nao utafute huko huko na kwenye ulimi.

Na kuhusu mama. Watafiti wa Flanders, Ubelgiji, walifuatilia watoto 3,890 waliopelekwa kwa madaktari wa kawaida, na kuchapisha mwaka 2012 walichokiona kuhusu ile hisia ya daktari kwamba kuna kitu hakiko sawa hata kama vipimo vinaonekana sawa. Ukiacha dalili za mwilini mwa mtoto, jambo lililoambatana na hisia hiyo kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa mzazi kusema ugonjwa huu hauko kama mengine aliyowahi kuyaona kwa mtoto wake. "Hajalala hivi" ni sentensi hiyohiyo kwa Kiswahili. Mama hakuniambia ana wasiwasi, maana wasiwasi kila mama anao. Alinipa kipimo: mkono ambao kila usiku hushika sikio, leo haushiki. Kipimo kile kilikuwa na miezi 14 ya kulinganisha nacho. Changu kilikuwa na saa moja na robo.

Uingereza, fomu ya kitaifa iliyoanza kusambazwa Novemba 2023 imeweka wasiwasi wa mzazi ndani ya karatasi yenyewe, ili muuguzi aulize kila anapopima na jibu liwe na uzito wa kumleta daktari hata namba zikiwa tulivu. Tulipokaa kujadili kisa hiki wodini, hilo lilikuwa pendekezo la kwanza na halikupingwa na mtu.

La pili lilipingwa. Niliomba kwamba kwa mtoto yeyote mwenye homa, "amelala" lisiandikwe mpaka ameamshwa, na kiandikwe alichofanya alipoamshwa. Mwenzangu mmoja, muuguzi mwenye uzoefu kuliko mimi, alisema kumwamsha mtoto mgonjwa kila saa ni ukatili na kutawachosha wazazi tunaotaka watuamini. Ana hoja. Tulifika katikati: kipimo cha kwanza baada ya dawa ya homa lazima mtoto aamshwe, na kuanzia hapo ataamshwa ikiwa mapigo au pumzi hazijashuka pamoja na joto. Wazazi tunawaeleza kabla ya kuanza. Usiku madaktari wanaitwa mara nyingi zaidi kuliko zamani, na mara nyingi wanakuta mtoto mzima aliyekasirika kwa kukatizwa usingizi. Mmoja wao amelalamika. Wengine hawajasema kitu.

Mtoto alikaa kwetu siku 12, nne kati yake kwenye chumba cha mahututi. Ngozi ya vidole viwili vya mguu wa kulia iliharibika, ikapona yenyewe. Alipopimwa usikivu baada ya wiki nne, sikio la kushoto lilikuwa limepungua nguvu, na bado anafuatiliwa. Usiku wa pili baada ya kurudi wodini zamu ilikuwa yangu. Nilimwamsha saa nane usiku. Alinitazama, akalia kwa hasira, akajigeuzia upande wa mama na mkono ukapanda kutafuta sikio. Mama alinitazama bila kusema lolote. Nilimwomba radhi siku ile, kwa lile jibu la saa nne na robo, na akaniambia alikuwa amekaribia kuniamini.

Kuna kasoro moja hatujaitatua. Fomu yetu bado haina mstari wa kulinganisha joto na mapigo kati ya kipimo na kipimo. Nimeuchora kwa penseli kwenye nakala tunazotumia zamu yangu: joto limeshuka kiasi gani, mapigo yameshuka kiasi gani, pumzi je. Hesabu yake huchukua sekunde kumi. Chini yake nimeandika "vua soksi", na wanaokuja zamu ya usiku wameanza kuuliza hiyo nakala iko wapi.